Kwenda Fort Portal Kuuona Uwongo wa Baba

Wenzangu wa soko la Kikuubo, na nyinyi wanakwaya mnaonisimamisha kila Jumapili mlangoni mwa kanisa, safari hii nimeisimulia vipande vipande mpaka imeanza kunichanganya mwenyewe. Mmoja amesikia kwamba tulikwama matopeni, mwingine kwamba mama yangu alikunywa maziwa ya jiwe, mwingine kwamba siku hizi nina jina jipya. Yote ni kweli, ila hayakufuatana hivyo. Basi leo nimefunga duka mapema, nimekaa, naandika mwanzo hadi mwisho. Atakayeniuliza tena nitampa karatasi hizi asome huku mimi nikiuza sabuni.

Kwanza mumjue mama. Kwetu ni Kakamega, na alikuja kukaa nami hapa Nsambya, Kampala, ili atibiwe macho. La kushoto lilikwisha kuzima. La kulia linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo: kilicho mbele kabisa anakiona, cha pembeni hakipo. Daktari alimweleza kwa upole kwamba matone yatachelewesha tu, hayatarudisha kilichokwenda, na kwamba mwisho wa njia ni giza. Mama alimshukuru, akafunga kitambaa chake vizuri, tukatoka. Tulipofika nyumbani nikamwekea chai.

"Kama ni hivyo," akasema, "nataka kwenda kuuona ule uwongo wa baba yako."

Marehemu baba alikuwa fundi wa reli enzi zile nchi zetu tatu zilipokuwa na reli moja, na alipelekwa Kasese. Aliporudi likizo alisema ameona mlima wenye theluji, na chini yake migomba, hapo hapo penye ikweta. Mama akakataa. Theluji ya Mlima Kenya aliikubali, maana dada yake aliolewa Nanyuki na aliiona akifagia uwanja. Lakini huu mlima wa Uganda, ambao baba mwenyewe alikiri kwamba aliuona asubuhi moja tu kwa muda wote aliokaa chini yake, huo hapana. "Mlima si panya," mama alikuwa akisema. "Utajificha wapi?" Walibishana hivyo tukiwa watoto, wakabishana tukiwa na watoto wetu, na baba alikufa bila mmoja wao kukubali.

Kutoka Nsambya

Mambo ya tiketi nayaruka, hayana utamu. Mteja wangu mmoja, mzaliwa wa Fort Portal, alituambia tuachane na Kasese. Mlima ni ule ule, alisema, na mama yake ana nyumba ya wageni pale pale mjini. Zaidi ya hayo, mji wenyewe una vya kutazama hata mlima ukikataa kutoka.

Watu husema basi huondoka likijaa. Letu lilijaa, likakaa. Mama alikuwa amevaa koti lake la Pasaka na kuchagua dirisha la upande wa kulia, upande wa jicho lake. Nilimbebea chapati na mayai ya kuchemsha, lakini tulipofika Mityana alitaka gonja, ile ndizi ya kuchoma, aliyoinusa kabla hata ya kuuona moto. Alikula, akajifuta vidole, akanitajia kila kitu kilichopita kwenye tundu lake la ufunguo: mwanamke mwenye mwavuli, ng'ombe, kanisa, ng'ombe tena. Nilielewa alichokuwa akifanya. Alikuwa akiweka akiba, na roho iliniuma, ingawa nilijifanya nalala.

Mubende, na Kiswahili cha mama

Mubende gurudumu lilipasuka. Dereva alisema dogo tu, akavua shati, nikajua si dogo. Tukaingia kwenye kihoteli cha kando ya barabara. Mama, kama kawaida ya kwetu, alikaa na kupaza sauti: "Wewe mama! Leta chai hapa, tuko na safari!"

Wanaume wawili waliokuwa kwenye benchi la pili waliinuka na kutoka na vikombe vyao mkononi. Mwenye hoteli alileta chai akikimbia, kisha akaleta matoke, kisha sahani ya nyama ambayo hakuna aliyeiagiza, akarudi nyuma na kusimama mikono kifuani bila kututazama usoni.

Mama alifurahi. Alisema Waganda wana ukarimu wa ajabu. Mimi nilikuwa nimekaa Kampala muda wa kutosha kujua kilichotokea. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini watu hawakuwa wamesahau kwamba Kiswahili ndiyo lugha ambayo askari walikuwa wakiagizia vitu. Nilimfuata yule mwanamke jikoni nikamweleza kwa Luganda changu cha dukani kwamba yule ni bibi tu kutoka Kenya, analima mahindi. Alinitazama, akatoka kumtazama mama, akarudi. "Mimi nafikiri ni mama ya afande," alisema, akakaa juu ya ndoo na kucheka mpaka machozi yakamtoka.

Ilibidi nimweleze mama. Alikisukuma kikombe pembeni. Alitaka kujua kama wale wanaume wawili wangerudi, nikasema sidhani. Kuanzia hapo hadi mwisho wa safari alizungumza kwa sauti ya chini, na kila sentensi alitia "tafadhali," hata alipoongea na mbuzi aliyetuzibia njia.

Matope ya kabla ya Kyenjojo

Baada ya Mubende hakuna lami ya kutaja. Mvua ilikuwa imetutangulia, na mahali fulani kabla ya Kyenjojo basi lilizama upande mmoja, likatulia kama ng'ombe aliyekataa kwenda mnadani. Wanaume walishuka kusukuma. Wanawake tulishuka kuwaambia wanasukuma vibaya. Mama alibaki kwenye kiti, maana hakuona mtaro ulipoishia.

Alibaki naye mzee mmoja Mkongo, mfanyabiashara wa vitenge, aliyesema mgongo wake haufai tena kusukuma hata mlango. Nilipopanda kuchukua maji niliwakuta wamezama katika mazungumzo. Alikuwa wa Beni, upande wa pili wa mlima ule ule. "Nyinyi munaonaka uso yake," alikuwa akimwambia mama. "Sisi kwetu tunaonaka mugongo."

Mama aliuliza, kwa sauti yake mpya ya chini, kama yeye mwenyewe amewahi kuiona theluji.

"Mara moja. Nilikuwa mutoto. Tangu pale, ni mawingu tu."

"Mara moja," mama alinirudia mimi, kana kwamba nilikuwa hakimu. "Na huyu naye mara moja."

Tuliondoka hapo jua likishuka, matope mpaka magotini, na kitenge kimoja ambacho sikukusudia kununua. Kuanzia Kyenjojo ni mashamba ya chai, kijani kimoja kilichochanwa vizuri mpaka upeo wa macho. Mama aliomba nimpishe mahali nilipokaa ili aone upande wa pili pia.

Majina ya Adyeri

Mwenye nyumba tuliyofikia, mama wa yule mteja wangu, alikuwa mjane mnene, mwenye mwendo wa taratibu, jina lake Adyeri. Kiswahili chake alikipata kwa wachuuzi wa Kongo waliolala kwake kwa miaka. Alitupokea mlangoni, akamshika mama mikono miwili, akamuuliza jina. Mama akasema Loise. Adyeri akatikisa kichwa na kuuliza jina la salamu.

Hapa lazima niwaeleze. Kwa Watooro, wenyeji wa huko, kila mtu ana jina lingine juu ya lile la ukoo na la ubatizo, nalo huitwa empaako. Ni majina machache tu, kumi na kitu, na nchi nzima inagawana hayo hayo. Ndilo la kusalimiana. Kumsalimia mtu bila hilo ni kama kumtupia chakula.

"Sasa nitasalimia nyinyi namna gani?" Adyeri alisema, na alionekana kusumbuka kweli. Alituonyesha chumba, akatupa maji ya moto, lakini salamu hakutupa.

Kesho yake mchana aliita wifi zake wawili. Tuliketishwa kwenye mkeka, wakatugeuza nyuso kuelekea dirishani, wakatushika kidevu, wakatupima paji la uso, wakabishana kwa Kitooro. Kwao jina hili hutolewa kwa kufanana: shangazi wanamtazama mtoto mpaka wamwone ndugu fulani ndani yake. Kwa mama hawakuchelewa. Walisema amefanana na shangazi yao mmoja aliyekuwa mkaidi kupita kiasi, hivyo akaitwa Abwoli. Mimi walinizungusha sana, mwishowe wakanipa Akiiki, nadhani kwa kuchoka. Tukala ugali wa wimbi na samaki mkavu wa moshi, sote kwenye ungo mmoja, na Adyeri akatusalimia upya kuanzia mwanzo kana kwamba ndiyo kwanza tunaingia.

Mpishi wa nyumba hiyo naye alikuwa Akiiki. Paka naye, kama paka wote wa Tooro, alikuwa Abwoli. Nilidhani mama atakasirika kuchangia jina na paka. Alimpakata tu, akampapasa.

"Huyu amenishinda," alisema. "Yeye anaona gizani."

Mama aliliingia jina lake kama mtu anayeingia kwake. Ilipofika jioni aliitika kabla halijamalizika kutamkwa. Mimi waliniita, "Akiiki, chai," nikakaa nikitazama ukuta. Mpishi ndiye aliyekuja, akakuta kikombe si chake. Wageni wote walicheka, na mimi nikacheka nao, maana sikuona hasara yoyote.

Ikulu, na maziwa ya jiwe

Kila asubuhi tulitoka nje kutazama magharibi. Kila asubuhi palikuwa na ukuta wa mawingu rangi ya majivu, na mtu yeyote tuliyemuuliza alinyoosha mkono kwenye majivu hayo akasema, "Iko pale." Mama alisema mji mzima umekula njama na baba.

Basi tukatazama vingine. Tulipanda kilima cha ikulu ya mfalme, ambayo wakati ule ilikuwa gofu. Paa lilikuwa limeondoka na nyasi zimeota sebuleni. Mzee mwangalizi alitembea mbele yetu akitaja vyumba kana kwamba watu wamo. Sehemu kubwa ya ukuta ilikuwa imeanguka, ungeweza kuingia popote, lakini mama aliuliza mlango ulipokuwa, akazunguka mpaka hapo, akafuta viatu, akapita. Alisema kwa mfalme huingii kwa kuruka ukuta. Yule mzee alivua kofia yake akaishika mpaka tulipoagana.

Siku iliyofuata tulikwenda kwenye pango liitwalo Amabere, nje kidogo ya mji. Kiongozi wetu, Araali, alikuwa kijana mrefu aliyeonea fahari kila jiwe. Kuna mawe yananing'inia pangoni kama matiti, yanadondosha maji meupe. Araali alisimulia kwamba mfalme wa zamani aliogopa kuzaliwa mjukuu atakayemuua, hivyo akamkata binti yake matiti asiolewe. Binti akazaa hata hivyo, na mtoto akalelewa na matone ya mawe haya, akakua, akawa mfalme.

Mama aliuliza mtoto alimaliza muda gani kushiba kwa tone moja moja. Aliuliza ni nani aliyemshikilia. Aliuliza kama mawe haya yalikuwepo kabla ya binti au yalitokea baada yake, kwa sababu mambo hayo mawili hayawezi kuwa kweli pamoja. Araali alijibu alichoweza, kisha jasho likaanza kumtoka.

"Sasa wewe, Abwoli," alisema kwa heshima zote, "unaamini kitu gani?"

"Ninachokiona," mama alijibu haraka, kama alivyozoea kumjibu baba.

Nilimwona akilisikia neno lake mwenyewe likimrudia pale pangoni, na nilitamani kumshika lakini niliogopa kumwaibisha mbele ya mgeni. Alikinga kiganja chini ya jiwe, akasubiri, akayanywa matone yale. Alisema yana ladha ya chokaa.

Karibu na pango kuna maporomoko madogo. Mama hakuweza kuyaona vizuri, yalikuwa mapana kuliko jicho lake, lakini manyunyu yalimpiga usoni, akavua kitambaa, akacheka kama msichana. Juu zaidi tulitazama ziwa moja katika yale yaliyojaa kwenye mashimo ya volkano. Ni duara kamili, maji yake kijani cha chupa, limekaa kilimani kama sufuria jikoni. Hilo lilimwenea jichoni lote zima. Alilitazama muda mrefu sana, Araali akakaa chini na kung'oa majani. Ningesema hiyo ndiyo siku njema kuliko zote, na kama tungerudi nyumbani pale pale nisingelalamika. Mama naye hakulalamika. Aligeuka tu magharibi, akakuta majivu, akageuka tena.

Asubuhi ya kuondoka

Usiku wa mwisho mvua ilinyesha. Asubuhi niliamka mapema, nikamwacha mama amelala, nikaingia kwenye bafu la matete nyuma ya nyumba na beseni la maji ya moto. Nilijua siku nzima ni basi, nikaamua kuoga kama mtu anayeolewa.

Nikiwa nimejipaka sabuni nilisikia Adyeri akiita, "Akiiki! Akiiki, ija!" yaani njoo. Nikafikiri maziwa yamefurika jikoni. Akaita tena, na wifi yake akaita, sauti zimepanda. Nikajisemea kwamba huyo mpishi leo atakiona. Nikajimwagia maji polepole, nikaimba ule wimbo wetu wa kwaya ambao sauti ya pili hamuipati kamwe. Waliita mara nyingine, halafu wakaacha.

Nilipotoka nyumba ilikuwa tupu. Niliwakuta wote nyuma ya migomba, wageni, wifi zake, mpishi na mwiko mkononi, wamesimama kimya wakiangalia upande mmoja. Mama alikuwa mbele yao, peku kwenye umande, leso begani. Niliangalia walikoangalia. Palikuwa na mawingu.

"Ulikuwa wapi?" mama aliniuliza. Uso wake ulikuwa umelowa, na sijawahi kuuona umetulia vile. "Tumekuita."

"Mlimwita Akiiki."

"Na wewe ni nani?"

Adyeri aliniambia mlima ulifunguka wote, tangu chini hadi juu, kwa muda wa kuchemsha chai, na kwamba yeye mwenyewe hakuwa ameuona hivyo tangu mvua za mwaka uliopita. Mpishi alisema pole, akarudi kwenye maziwa yake, ambayo kweli yalikuwa yamefurika.

Njia ya kurudi

Basi la kurudi halikukwama popote, sijui kwa nini. Mama alikaa dirishani akanisimulia. Chini ni bluu, alisema, bluu nzito kama sare ya shule. Juu yake kijivu. Halafu juu kabisa, juu kuliko pale macho yanapotafuta mlima, kuna weupe uliochongoka mahali patatu, na jua lilipoupiga uligeuka rangi ya ndani ya pera lililoiva. Alionyesha kwa vidole vitatu. Alirudia kuonyesha.

Nilikuwa na kinyongo, siwafichi. Nimefunga duka, nimekanyaga matope, nimenunua kitenge, halafu mimi ndiye mtu pekee wa nyumba ile aliyekosa. Na nilikuwa nalifahamu jicho lile. Basi nikauliza, nusu utani, "Mama, una hakika halikuwa wingu?"

Mashamba ya chai yalipita, Kyenjojo ikapita. Nilidhani amelala, kumbe alikuwa akitazama mikono yake.

"Ndivyo nilivyokuwa nikimuuliza," alisema mwishowe. "Kwa sauti hiyo hiyo."

Nilijisikia vibaya sana. Nikamwambia namwamini, kwamba nilikuwa natania, kwamba Adyeri na watu wote wale walishuhudia. Alinikatiza kwa mkono.

"Usiniamini kwa huruma. Baba yako hakutaka kuaminiwa. Kila likizo alisema, Loise, panda treni twende, nikuonyeshe. Mimi nikasema nina mahindi ya kupalilia. Kila mwaka mahindi." Alitikisa kichwa. "Alitaka tu mtu wa kusimama naye pale."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na mama mmoja wa kiti cha nyuma akanipa kitambaa, akidhani tumetoka msibani. Tulipokaribia Mubende nilikwisha kuamua. Nikamwambia kwamba mvua nyingine zikianza tutarudi kwa Adyeri, mimi na yeye, na tutakaa mpaka mlima utoke.

"Wakati huo mimi nitakuwa sioni," alisema.

"Utasimama nami."

Mama aliuvuta mkono wangu mapajani mwake, akaupigapiga kama anavyompapasa mtoto aliyekubali kunywa dawa.

"Sawa," alisema. "Lakini uitike ukiitwa."